Bwana Shamba wa Chumba cha Chini

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimepata kompyuta! Yangu mwenyewe! Ofisini kwetu Kilindini zimeletwa mpya zenye rangi, na mkuu akasema hii kuukuu ya herufi za kijani aichukue yeyote mwenye nguvu za kuibeba. Nilikuwa nimeshaikumbatia kabla hajamaliza kusema. Everlyne, mpiga chapa wetu, akaniuliza nitaifanyia nini. Nikamwambia mambo makubwa. Yepi, wakati ule sikuwa nayajua bado.

Mkokoteni umeshindwa kuingia kichochoroni kwetu hapa Mji wa Kale. Nimeibeba kichwani kutoka kona. Musyoka, jirani yangu wa chumba cha pili, karani wa reli na mwimbaji wa kwaya, alisimama mlangoni akanitazama bila kunisaidia hata waya. Akauliza kama ni televisheni.

Na bahati haiji peke yake! Bi Mwanaesha, mwenye nyumba, anamwoza mjukuu wake Batuli tarehe ishirini na tatu. Uani patapakwa chokaa, kwa hiyo madebe yake ya rehani na asumini hayana budi kuhamishiwa ndani. Si maua ya mchezo hayo. Ndiyo yatakayofungwa vikuba vya kubandikwa kifuani mwa bi harusi na jamaa zake, na katika ukoo wao hajawahi kutolewa bi harusi kwa maua ya kuomba kwa watu. Batuli akishaondoka, chumba chake cha juu kitapangishwa. Dirisha la bahari! Upepo! Mimi nakitaka. Musyoka anakitaka. Bi Mwanaesha amesema atakayeyalea maua mpaka harusi ndiye atakayepanda juu.

Musyoka akafungua kinywa. Mimi nikafungua mlango. Chumba changu ndicho kikubwa, madebe yote yameingia kwangu. Sasa nimejua kompyuta nitaifanyia nini.

Jumatatu, 5 Agosti

Sikwenda kazini. Nimetuma neno kwamba tumbo linanisokota. Kweli lilikuwa linasokota, kwa furaha.

Mpango wenyewe ni mwepesi hata mtoto angeuelewa, ingawa Musyoka hakuuelewa. Katika kila debe nimechomeka misumari miwili. Waya zinatoka kwenye misumari mpaka nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la usukani wa michezo ya kompyuta. Udongo mkavu huzuia umeme, udongo wenye maji huupitisha. Ukikauka, skrini inaandika NINA KIU, na pampu inanyunyiza maji kutoka ndoo. Ukilowa, inaandika NIMESHIBA, na pampu inanyamaza. Pampu ni ile ya kuoshea kioo cha gari, nimeitoa gereji moja ya Bondeni. Tena kuna jicho la kupima mwanga. Chumba kikiingia giza mchana, taa nne kubwa zinawaka zenyewe.

Nimeuita mtambo huu Bwana Shamba, kama wale wataalamu wa kilimo waliokuwa wakitutembelea kwetu Kaloleni. Ila huyu halali, hali, wala haulizi chai.

Bi Mwanaesha alikuja kutazama. Akauliza kwani bakuli lake la kumwagilia lina kosa gani. Nikamweleza kwa heshima kwamba zama za bakuli zimepita. Akasema haya, lakini maua yake hunywa maji ya mfereji, ya kisima hayataki. Nikaitikia naam. Musyoka, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema maua hustawi kwa nyimbo. Nyimbo! Mwaka wa tisini na sita!

Alhamisi, 8 Agosti

Balaa. Kila Alhamisi jioni Bi Mwanaesha hufukiza nyumba nzima udi na ubani, kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Leo amekipitia chumba changu kwa wema kabisa, chetezo mkononi, akakizungusha juu ya madebe na hata juu ya kompyuta ili aipe baraka. Moshi ukatanda. Jicho likadhani jua limekufa. Taa zote nne zikawaka kwa pamoja, na papo hapo fyuzi ya nyumba nzima ikalipuka.

Giza tititi. Musyoka alikuwa anapiga pasi joho lake la kwaya. Pasi ilipopoa katikati ya mgongo alikuja kunifokea kwa ile sauti yake ya pili ya kwaya. Bi Mwanaesha akasema pole pole kwamba nyumba hii si karakana. Nikaomba radhi. Lakini moyoni, shangwe! Jicho linafanya kazi!

Jumapili, 11 Agosti

Nimeona kwa macho yangu! Skrini: NINA KIU. Pampu: chwaa! Skrini: NIMESHIBA. Nilicheza peke yangu katikati ya madebe. Rehani imenyoosha kichwa, majani yanang'aa, asumini imeanza kutoa vitumba. Chumba kinanukia hata ofisini wameniuliza ninaoa lini.

Batuli mwenyewe alishuka kuangalia maua yake. Akacheka akasema atawaambia wakwe zake kwamba maua yake yamelelewa na mashine. Alifurahi, nami nikafurahi zaidi yake. Nimeshapima kwa macho mahali pa kuweka kitanda kule juu.

Musyoka amekuja na unyenyekevu ambao si wake, akaomba debe moja tu la asumini, akaliweke dirishani kwake naye ajaribu. Nimempa lile lililodumaa kuliko yote. Mwenye wivu ajinyonge, kama kanga zinavyosema, lakini kwanza umpe debe aone tofauti.

Jumanne, 13 Agosti

Mifereji imekauka mtaa mzima. Watu wamepanga mitungi kusubiri mikokoteni ya maji. Musyoka naye amepanga wake, joho begani, kwa ajili ya debe moja! Nilimpita nikicheka.

Kwani kisima si kipo hapa uani? Maji tele, safi, yanaonekana mpaka chini. Nayakumbuka maneno ya Bi Mwanaesha. Lakini huyu ni mtu ambaye pia hukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Nimejaza ndoo ya pampu maji ya kisima, na Bwana Shamba hakulalamika.

Alhamisi, 15 Agosti

Uvumbuzi! Tangu maua yanywe maji ya kisima hayajaomba tena. Hata tone! Madebe yote: NIMESHIBA, NIMESHIBA, NIMESHIBA. Maji ya mfereji yalikuwa yakiisha kila siku, haya yanakaa tumboni kama ugali. Mji mzima umekikalia kitu hiki tangu enzi za mababu, wakiogea na kufulia, hakuna aliyejua! Nimeanza kutunga hotuba. Nitaisoma harusini baada ya biriani, watu wakiwa wamelainika.

Jumamosi, 17 Agosti

Majani yameinama kidogo. Skrini inasema NIMESHIBA. Basi hapa pana ugomvi, majani yanasema hili na mashine inasema lile. Nimetafakari sana nikaiamini mashine. Jani linaweza kujifanya.

Naona yamevimbiwa. Mtu akila akashiba huinama vivyo hivyo. Nimezima taa yapumzike.

Jana Everlyne aliniuliza kama nimegusa udongo. Nikamwambia nimeunga waya zote zile kusudi nisiguse udongo. Akarudi kwenye taipu yake. Hana maono yule msichana.

Jumatatu, 19 Agosti

Majani yanapukutika. Nilianza kwa kumshuku Musyoka. Kila jioni anaimbia debe lake dirishani, na sauti ile inaweza kutikisa misumari. Nilikwenda kumwambia aache. Akanionyesha kwa kidole asumini yake iliyodumaa. Haijadumaa tena. Vitumba hata havihesabiki! Nikamwambia ni bahati tu.

Niliporudi nikamkuta Bi Mwanaesha chumbani. Alitia kidole ndani ya debe. Udongo mkavu kama biskuti. Juu yake pana weupe, na misumari imekula kutu. Akaonja kile kidole, akatema. Akaniuliza maji gani haya. Nikajibu nikiitazama skrini, nayo bado inasema NIMESHIBA.

"Una mato weye?" akaniambia, akiyaelekezea macho yangu kidole. "Au mato yako umeyatia humo sandukuni?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliokota majani makavu moja moja akayatia kwenye pindo la leso yake, akatoka.

Nimejaribu mwenyewe. Misumari kwenye bilauri ya maji ya kisima, mashine ikashiba. Kwenye udongo wa debe, ulionyweshwa maji ya kisima ukakauka ukabaki na unyevu wa kudanganyia tu, ikashiba vilevile. Kumbe ni chumvi! Chumvi huupitisha umeme kuliko maji matamu. Kwa hiyo mashine haikukosea. Iliulizwa swali vibaya. Nani aliyeuliza, tusilipeleke mbali.

Alhamisi, 22 Agosti

Mfereji umerudi. Nimeyaogesha madebe kwa maji matamu, nimeyabembeleza, hata nimeyaimbia, mlango nimeufunga kwa komeo. Wapi! Rehani yote imekufa. Asumini zangu zimebaki vijiti.

Nimemsikia Batuli akilia huko juu. Dari ni ya mbao na kilio kinapita. Hilo limenichoma kuliko maneno ya bibi yake. Msichana yule hakunikosea lolote, na kesho ndiyo siku yake.

Bi Mwanaesha ametutuma Bondeni, mimi na Musyoka, nyumba hadi nyumba za jamaa zake, kuomba rehani. Yeye, kuomba! Mimi nilibeba kikapu. Kila mlango nilitoa salamu vizuri, nikaitikiwa vizuri, kisha sauti ya mwanamke nyuma ya pazia ikauliza kama ndiye yule wa kompyuta. Habari imefika Bondeni kabla yangu! Mlango wa mwisho walitoka wote kunitazama. Musyoka aliwaambia kwa fahari kwamba yeye ni yule mwingine. Lakini kikapu kilijaa.

Ijumaa, 23 Agosti

Harusi imefana. Rehani ya Bondeni, asumini ya Musyoka. Vikuba vilitosha, na Batuli alipita akinukia mpaka kichochoro kizima kikageuka. Nilifurahi kwa dhati, nikashukuru Mungu. Aibu nilikuwa nayo, ila haikunizuia kula biriani.

Hotuba sikuisoma. Baada ya wageni kuondoka Bi Mwanaesha alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo wa chumba cha juu, akamkabidhi Musyoka mbele yangu. Musyoka akaeleza waliokuwapo kwamba siri ni nyimbo, hasa zile za sauti ya pili. Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Maji ya mkokoteni hakuyataja! Dunia imejaa watu wasiojua kwa nini wamefanikiwa.

Jumapili, 25 Agosti

Asubuhi Musyoka amenigongea. Kumbe chumba cha juu ni kikubwa mno kwake, mwangwi wake unamtisha akiimba peke yake. Ameniomba nihamie huko tukae wawili. Upande wa dirisha uwe wangu! Nikapanda kuona. Bahari yote ile. Upepo ukaniingia shatini. Nilitaka kumkumbatia Musyoka, jambo ambalo sijawahi kulifikiria.

Bi Mwanaesha ameridhia. Amenisamehe, amesema kijana ni wa kufunzwa. Sharti lake ni moja tu, lile sanduku lisipande ngazi zake. Libaki chini, au bora zaidi liende zake. Tena amenipa debe la rehani changa, na bakuli lake mwenyewe la kumwagilia, niilee dirishani kwa mkono.

Nimefikiri mpaka adhuhuri. Chumba, dirisha, upepo, kila nilichokitaka, na bei yake ni bakuli. Mtu mwingine angekubali. Lakini mtu hamtupi mwenzake kwa kosa moja, tena kosa lenyewe la chumvi. Nimewashukuru wote wawili, nimerudisha debe na bakuli, nimeshuka.

Musyoka ameniita mjinga kupitia sakafu. Namsamehe. Sasa hivi anaimba juu ya kichwa changu, nami wala simsikii, nimezama kazini. Nimebadilisha misumari, nimeandika programu mpya kabisa, maneno bora, hesabu bora. Madebe matupu nimeyapanga upya ukutani, na Bwana Shamba ameshaanza kazi. Skrini inasema mimea yote inaendelea vizuri sana. Kesho nitanunua mbegu.