Mnanaa, Uso Wangu na Maziko ya Mzee Wamae

Simeon Masinde,
Gatitu, Nyeri.

Kwa Mhariri wa jarida la kanisa letu,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na ngozi laini. Yangu bado inapona.

Mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Giakanja, na nimesoma jarida lako tangu nilipohamishiwa huku kutoka Bungoma. Nimevumilia mashairi ya kwaya. Nimevumilia picha za harambee zinazokata watu vichwa. Lakini toleo lililopita mlimpa Dada Nyawira ukurasa mzima, "Mnanaa kwa Ngozi na Afya ya Kila Siku", na mke wangu Tryphosa akausoma mara mbili, heshima ambayo hajawahi kuipa risala yangu yoyote. Naomba ukurasa huo ukanushwe, kwa sababu hizi:

1. Chai. Dada Nyawira anasema maji ya mnanaa hutuliza tumbo na mawazo. Basi chai ya maziwa ilitoweka mezani kwangu, yakaja maji ya kijani yenye majani yanayoelea kama bwawa lililosahauliwa. Rafiki yangu Ngatia, ambaye amelima majani chai kule Tetu maisha yake yote, alikuja kunitembelea akapewa kikombe. Alikitazama, akachungulia zizini, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani ng'ombe alikufa?" Hajarudi. Tumbo langu halikuwa na shida yoyote. Mawazo ndiyo sasa hayatulii.

2. Miguu. Kila jioni nailoweka katika beseni la mnanaa ili uchovu utoke. Mheshimiwa, mwezi wa Julai hapa Nyeri mtu mwenye akili timamu hutafuta jiko la makaa, si dawa ya kupoza miguu. Isitoshe, harufu hiyo, kama ya peremende, hunifuata hadi gwarideni. Nilikuwa nimejijengea jina la kuogopwa. Sasa darasa la nne wananiita Mwalimu Switi, na nikigeuka ghafla wote wanautazama mlima.

3. Uso. Dada Nyawira aliandika kwamba vipele vya kunyoa huponywa na "matone machache ya mafuta ya mnanaa". Hakuandika kwamba yachanganywe kwanza na mafuta mengine, wala kwamba yakae mbali na macho. Pengine nafasi ilijaa picha yake. Tryphosa ni mtu wa kutii maandishi, akanipaka yalivyo, asubuhi ya maziko ya Mzee Wamae. Nilihisi kama uso wangu umeachwa juu ya theluji ya Mlima Kenya, na theluji yenyewe inawaka moto.

Ni lazima ujue Wamae alikuwa nani. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na hakuna pendekezo langu ambalo hakulipinga. Nikisema sweta za kijani, yeye nyekundu. Nikieleza jambo kwa Kiswahili sanifu, anainuka: "Mwarimu, wewe unaongea kama redio, na hiyo redio sasa tuzime." Wazazi walikuwa wanacheka hadi wanashikana. Mtu wa namna hiyo nilikwenda kumzika kwa adabu tu, nisome risala ya shule nirudi nyumbani.

Badala yake, nilisoma sentensi mbili machozi yakanishinda. Nililia kama mtoto, mbele ya wazazi na wanafunzi. Mjane wake akanishika mkono akasema, "Mimi nilijua mlikuwa mnapendana." Kufikia jioni nilikuwa nimetangazwa rafiki mkubwa wa marehemu. Sasa familia inataka binti yake akija kuposwa, mimi ndiye nikae mahali pa baba na kujibizana na wageni. Mimi, ambaye sikuwahi kumshinda huyo mzee hata kwa rangi ya sweta! Na yote haya ni kazi ya jani.

Kwa hivyo naomba Dada Nyawira atubu kwa maandishi, na jarida litangaze wazi kwamba machozi ya Mwalimu Masinde yalitoka kwenye chupa, hayakutoka moyoni. Ukurasa wenyewe apewe mtu atakayeandika kuhusu maji na sabuni.

Wasalimie wapiga chapa, wanakwaya na mapadri. Dada Nyawira naye msalimie, ila kwa mbali, nisije nikamnusa.

Wako katika heshima na mwasho,
Simeon Masinde

N.B. Tryphosa amesoma barua hii kabla sijaifunga. Alicheka, kisha akaiweka mezani. Anasema alinipangusa uso kwa maziwa kabla hatujatoka, na kwamba tulipofika kwa Wamae nilikuwa nikisalimia watu vizuri, macho makavu kabisa. Nimefikiri sana, na ni kweli. Juzi tulikuwa na mkutano wa wazazi. Mapendekezo yangu yote yalipita. Nilisimama pale mbele kwa muda nikingoja mtu ainuke, na hakuna aliyeinuka. Tafadhali usiichapishe barua hii.