Amira bila Masika

Miye, hakuna tena kitu ya kunishangaza. Nilisema vile leo asubuhi, mbele ya kioo, nikifunga kravati. Saa sita nilikuwa nimekaa nje ya kanisa kama mwizi wa kuku.

Nilianza na kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, na viazi toka Musienene (hata mwaka wa tano ya primaire sikumaliza). Sasa niko na duka ya mabati na misumari hapa Butembo. Nilijenga kwanza, njo nikaoa, na miaka makumi ine na sita. Bibi akazaa binti, mutoto yetu wa kwanza.

Kwetu Banande, binti wa kwanza jina yake inamungoja: Masika. Hapana kuchagua. Mais miye ni mutu ya kuchagua. Mama Zuhura, muislamu wa Beni mwenye kununua mabati kwangu, aliniambia: "Umuite Amira. Kwa Kiarabu ni binti wa mufalme, mwenye kuamuru."

Jina inaingia mukinywa kama asali. Nikaandikisha kwa bureau ya commune: Amira. Masika nikaitoa. Ita Masika moja sokoni, kumi banageuka.

Leo tukamupeleka kanisani abarikiwe. Pasta akasoma karatasi: "Amira." Akangoja. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma.

Bokilo yangu, mama ya bibi, akasimama.

"Pasta, na Masika?"

"Haiko, mama."

"Kama huyu hapana Masika, donc Masika alishazaliwa. Mukwe, iko kwa mwanamke gani?"

Kanisa yote ikageuka kuniangalia. Hata ule muzee wa kukohoa kila siku ya Mungu, leo akaacha, akageuka.

"Mama, naapa, huyu njo wa kwanza."

"Miaka makumi ine na sita bila mutoto? Na hiyo jina uliitoa wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikachagua hii: "Ni mwanamke moja wa Beni alinipatia."

(Musiniulize.)

Bibi akafunga mutoto mugongoni, akatoka, mama yake nyuma. "Tunaenda naye kwetu," bokilo akasema. "Utabapata siku utaleta huyo mwanamke."

Nikabakimbilia inje, nikaita Mama Zuhura, nikaweka simu sauti kubwa, bote basikie ushuhuda.

"Baba Amira! Mutoto yetu iko muzima?"

Mutoto yetu. Bibi akaniangalia vile mutu anaangalia panya ndani ya unga.

Mais kuacha, miye sijui. Nikatuma taksi Beni; bokilo akakubali kungoja pale kanisani. Saa tisa Mama Zuhura akashuka na fimbo yake, meno tatu mukinywa. Bokilo akamuzunguka mara mbili.

"Huyu? Huyu ananipita miaka." Akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Mama Zuhura akanigeukia. "Baba, nilikupatia jina ya kuongeza. Nani alikutuma kufukuza ya babu zenu? Binti wa mufalme bila ukoo, anaamuru nani?"

Bibi akasema polepole: "Masika Amira. Ama naenda na mama."

"Masika Amira," nikajibu haraka. (Amira haitoke. Pale sikubali.)

Donc, bandugu, mucheke kidogo kidogo. Taksi kwenda na kurudi, mbuzi ya bokilo ya kulipia aibu nilimuletea mbele ya batu, karatasi mupya ya commune kesho. Masika, jina yenye kila baba anapewa bure, miye nimelipa dola mia mbili na kumi na moja.