Mawe Yenye Povu na Matikiti ya Darakasi

Jumatatu, 5 Mei
Wardah, huoni aibu? Tangu uolewe Mombasa hujatia mguu Burgao, hata kuchungulia kama bibi yako kafa. Sijafa. Nimechoka tu. Mbegu zangu za mwisho za matikiti ya asili ya Darakasi zimeota, lakini miche imenyong'onyea. Ikifa hii, basi, hakuna tena. Jirani Mwanasiti kapita, kaniuliza eti mwenzangu, umepanda au umezika? Hasidi! Nikakumbuka mawe ya kisiwani wanakolala ndege. Kinyesi chao cha zama kimegeuka jiwe. Mbolea hiyo!

Jumatano, 7 Mei
Mawe yamefika. Mgongo hauna hali. Nasrudin, mtoto wa kaka yangu, mchimba mawe, kasema hayafanani: mengine mbolea imo kweli, mengine ni matumbawe tu yaliyopakwa kinyesi. Kila jiwe nilikamulie ndimu, likitoa povu... Sikungoja amalize. Tangu lini sabuni nzuri ikakosa povu? Yenye povu nimeyaweka. Yaliyonyamaza nimemtupia Mwanasiti uani.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeyaloweka kwa siki yalainike. Siki imechemka mpaka ikaisha nguvu, mbolea haikutoka. Nasrudin kacheka: shangazi, povu hilo ni la matumbawe, siki yote imeliwa na chokaa! Mwache acheke. Nimeyachoma juu ya kuni za mkoko, kama tulivyochoma matumbawe ya kupaka kuta. Yamekuwa meupe, mepesi. Nani kasema sijui?

Alhamisi, 15 Mei
Nimeyatwanga, nikamwagia miche, nikatia maji. Yallah! Unga ukafoka, ukatoa moshi. Miche imepikwa kama mchicha. Kumbe nimechoma chokaa! Nimelia mpaka kanga ikalowa. Mwanasiti kaja mbio bila kuitwa, kaosha mizizi kwa ndoo zake huku ananitukana, kaokoa mche mmoja. Kasema mawe niliyomtupia anayatwanga, atie kwenye bamia zake. Nimempa chai.

Jumatatu, 26 Mei
Mche umetoa ua. Alhamdulillahi! Nasrudin kasema, shangazi, sasa umejua: jiwe lijue kwanza, ndipo ulipike. Nimemwambia nimejua. Kosa lilikuwa povu dogo. Kusini mwa kisiwa kuna mawe yanayotoa povu kushinda yale. Ukija, Wardah, niletee nyundo na madumu mawili ya siki, na usipitie kwa Mwanasiti kutazama bamia zake zilivyonawiri.