Konfleksi za Kipaimara

Jumatatu, 2 Desemba

Siku kubwa! Kuanzia leo mimi ni mtu wa kadi.

Niandike kwa utaratibu. Jumapili hii Aika wangu anapata kipaimara, yeye na wenzake watano wa jumuiya yetu hapa Olasiti. Wazazi tumekubaliana sherehe iwe moja, uani kwangu. Mchango wote, milioni moja na laki nane, uko mikononi mwangu. Mimi Gerson ndiye mweka hazina! Nilimshinda Frederick, Baba Vaileth, kwa kura tatu. Kashika hazina miaka sita na anaandika risiti hata ya kiberiti. Kanikabidhi pesa kwenye kopo la biskuti, kazihesabu mara mbili mbele yangu. Dharau.

Mchana nikapita Kilele Supamaketi, kule Elerai. Bango mlangoni: chukua Kadi ya Kilele, ijaze pesa, lipia manunuzi, kusanya pointi. Ukifikisha pointi elfu mbili kabla ya Krismasi unaondoka na friji. Friji! Eunike ananiuliza habari za friji tangu tufunge ndoa.

Wazo likanijia palepale. Pesa za kipaimara zitanunua nyama na mchele tu, hazina safari nyingine. Zikipitia kwenye kadi, kamati inapata nyama yake, mimi napata pointi zangu. Nani kaumia? Hakuna.

Nikajaza zote. Binti wa kaunta, anaitwa Salha, akaniuliza kama nimesoma masharti. Nikamwambia mimi nimeanza kusoma kabla mama yake hajazaliwa. Nikatia sahihi.

Kadi nzuri, jamani. Nyekundu. Ina picha ya mlima.

Jumanne, 3 Desemba

Kikao cha kamati. Nikaidondosha kadi mezani kama bahati mbaya. Akina mama wakashangaa. Nikawaeleza kwamba mambo ya kutembea na kopo la biskuti yamepitwa na wakati, pesa zote zimo humu, salama. Makofi.

Frederick akaiomba. Akatazama kona ya chini. Akaigeuza, akatazama nyuma. Akatabasamu, akanirudishia. Wakati wa kutoka akaninong'oneza kwamba nikipata nafasi nipite kwake, tuongee wawili.

Wivu huo. Siendi.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeumbuka. 

Nilikwenda Ngarenaro, buchani kwa Dismasi. Mashine ya kadi anayo, Frederick hulipia pale. Nikaagiza kilo sitini za ng'ombe. Dismasi akazikata zote, foleni nyuma yangu imefika barabarani. Nikachomoa kadi kwa vidole viwili. Nikasema, kwa sauti, Mungu anisamehe, kwamba siku hizi wengine hatubebi noti.

Mashine ikafikiri. Ikatoa kikaratasi: KADI HAITAMBULIKI.

Nikaifuta kwa shati. Haitambuliki. Nikaipuliza. Haitambuliki. Mama mmoja akanishauri niigeuze, nikaigeuza. Dismasi akaninong'oneza, ila Dismasi hajui kunong'ona, kwamba mzee, hii ni ya supamaketi. Nikasema mashine yake mbovu. Akachukua kadi ya yule mama, ikapita mara moja. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikasema nimesahau kitu kwenye pikipiki, nikatoka. Sina pikipiki.

Moja kwa moja hadi kwa Salha. Nilikwenda kugomba, nikaishia kufundishwa kama mtoto wa chekechea. Kumbe ndani ya kadi hamna pesa! Kadi inabeba swali tu: huyu ana salio la kutosha? Mashine ya Dismasi inalipeleka swali kwa benki ya Dismasi, benki inalipitisha kwenye mtandao wa kadi, mtandao unaitafuta benki iliyotoa kadi, jibu linarudi. Sekunde chache tu. Lakini yangu haikutolewa na benki. Imetolewa na Kilele wenyewe. Salio langu linajulikana kwenye kompyuta ya Kilele peke yake, na wanaoweza kuiuliza ni mashine za Kilele tu. Akanionyesha kona ya chini. Kadi za benki hapo zina alama ya mtandao. Mimi hapo nina mlima.

Nikaomba nirudishiwe taslimu. Hairuhusiwi kaunta. Unajaza fomu, inakwenda makao makuu Dar, siku saba za kazi, na Jumatatu ijayo ni Uhuru, haihesabiwi. Masharti, ukurasa wa pili. Na Kilele nyama mbichi hawauzi. Wanauza soseji.

Nyumba ya Frederick naiona kutoka dirishani. Taa inawaka. Ni hatua mia tu, nikamwambie. Nimefunga pazia.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepata dawa! Ni rahisi mpaka nacheka.

Kama Kilele hawanipi pesa, watanipa bidhaa. Bidhaa nauza, pesa napata, nyama nanunua. Na kuna ofa: konfleksi, yale mahindi makavu ya kumwagia maziwa, yana pointi mara tano! Nikachukua katoni kumi na mbili. Mashine ya Kilele haikufikiri hata kidogo: MUAMALA UMEKUBALIWA. Neno tamu. Baada ya jana nilikuwa nalihitaji sana. Salha akafungua mdomo aseme kitu, nikamwahi, nikamwambia asante binti yangu.

(Baadaye.) Nisingecheka.

Nimetoka kwa Iqbal, mwenye duka la jumla Ngarenaro. Kanikaribisha chai. Kachukua boksi moja, kaligeuza taratibu, kaweka kidole kwenye tarehe. Yanaisha muda mwisho wa mwezi huu. Akasema, kwa huruma, na huruma ndiyo inayouma, kwamba sasa mzee unaona kwa nini pointi ni mara tano. Atanunua katoni moja, nusu bei, wayale watoto wake. Nikakataa.

Nikayarudisha Kilele. Salha anasema bidhaa za ofa hazirudishwi. Na hata zingerudishwa, pesa zingerudi kwenye kadi, si mfukoni. Pesa ya kadi ni kama ng'ombe, inarudi zizini ilikotoka.

Salio lililobaki nimenunua mchele, mafuta, soda, maziwa na soseji. Pointi zangu: 1,960. Zimebaki arobaini! Nikijionea aibu ninavyofurahi, nafurahi hivyo hivyo.

Ijumaa, 6 Desemba

Eunike kafagia chini ya kitanda. Katoni kumi na mbili.

Akakaa kitandani. Akauliza swali moja tu, nyama iko wapi. Nikasema iko njiani. Akanyanyuka, akaenda kuchambua mchele. Angenipigia kelele ningepona.

Jioni Aika akaniomba nishike kitabu, nimsikilize Katekisimu. Akaja na amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Akaeleza na maana yake, kwamba tusimsaliti jirani wala kumvunjia heshima, bali tumtetee, tumseme vizuri. Hakukosea neno. Simu ikalia. Frederick, anauliza kwa upole nyama inafika saa ngapi. Nikamwambia iko njiani. Kitabu kiko magotini pangu, kidole changu kiko palepale kwenye amri ya nane.

 Frederick akasema haya, kama kuna lolote yeye yupo nyumbani. Nikakata.

Aika akauliza kama ainue sauti zaidi. Nikasema inatosha mwanangu.

Jumamosi, 7 Desemba

Bibi Kaanaeli kashuka kutoka Nkoaranga. Mama mkwe. Kaja na mikungu miwili ya ndizi kwa ajili ya machalari, zile zinazopikwa na nyama, ametafuta gari tangu alfajiri na miguu yake ile mibovu. Nikamwamkia, nikapokea mizigo. Akauliza nyama aipange wapi. Nikasema imelala buchani, kwenye baridi.

Akanisifu. Akamwambia Eunike mbele yangu kwamba zamani alikuwa na wasiwasi na mimi, lakini sasa ameona, mume anaye.

Nikaenda nyuma ya choo nikasimama huko.

Jumapili, 8 Desemba

Niandike yote, hata kama hakuna atakayesoma. Afadhali asisome mtu.

Kanisani Aika alikuwa na gauni jeupe. Mchungaji alimuuliza amri ya nane, kati ya zote. Alijibu kama maji. Watu walisema aamina, mimi nilitazama viatu.

Saa nane watu wakajaa uani. Chini ya turubai palikuwa na wali. Palikuwa na machalari ya Bibi Kaanaeli, ila humo ndani zilikuwa zinaelea soseji. Na meza nzima ya konfleksi, maboksi mia moja arobaini na manne, nimeyapanga vizuri nikidhani mpangilio utasaidia. Watu walizunguka ile meza. Mzazi mmoja akafunua sufuria la mwisho, akachungulia, akalifunika tena.

Bibi Kaanaeli akapewa bakuli. Akachota kijiko. Tukasikia wote anavyotafuna. Akaweka kijiko chini, akaniita kwa jina la mtoto, Baba Aika, akauliza mbele ya watu mia mbili: nyama ya mjukuu wangu iko wapi?

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo. Hata "iko njiani" ilikataa kutoka.

Aika akasimama. Na gauni lake jeupe. Akasema Bibi, mimi ndiye niliyemwomba Baba. Nilitaka sherehe yangu iwe na kitu tofauti, Baba hakutaka, nikamlilia mpaka akakubali. Naomba mnisamehe.

Watu wakacheka, ah, watoto wa siku hizi! Bibi akamvuta, akambusu paji la uso, akachota kijiko cha pili. Mtoto wangu, saa tano tu tangu aiseme ile amri madhabahuni. Baadaye nikamfuata jikoni nikamuuliza kwa nini. Hakunitazama. Akasema ndivyo inavyoeleza, Baba, tumtetee. Akaendelea kuosha vikombe, na chozi likaingia kwenye maji. Nililiona.

Sikumaliza hata kufuta uso wangu. Kelele nje. Frederick kaingia na gari ndogo ya mizigo, kilo sitini kwenye mabeseni, zile zile. Akatangaza kwa sauti samahani jamani, Baba Aika alinituma niifuate nyama tangu asubuhi, gari likanizingua. Vifijo! Mkaa ukawashwa. Watu wananipongeza, wananipiga mgongoni. Kila kofi la pongezi lilinichoma.

Watu wawili wamesema uongo leo kwa ajili yangu, na wote ni waaminifu kuliko mimi.

Nikamvuta Frederick pembeni. Kumbe Dismasi alimpigia simu Jumatano ile ile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alinisubiri nipite, mpaka jana usiku. Hakutaka kunijia mlangoni, mke wangu asikie. Leo akaona basi, watoto hawana kosa. Kalipa kwa kadi yake. Akatoa pochi kunionyesha risiti, maana bila risiti Frederick hawezi kulala, na kadi yenyewe nikaiona.

Nyekundu. Ina mlima. Na kwenye kona ya chini, alama ya mtandao.

Jumanne, 10 Desemba

Kamati ilikaa jana, ingawa ni sikukuu. Niliungama kila kitu. Sikuacha hata pikipiki. Frederick amerudishiwa hazina na kopo lake. Nitailipa nyama yake kwa kahawa ya shamba langu, msimu ujao, na ameniandikia risiti ya ahadi. Eunike ameanza kunisalimia. Bibi Kaanaeli kapanda kwake na katoni mbili, anasema kuku wanazipenda. Aika bado ananiita Baba, ila kwa sauti ya chini.

Nimelia. Nimeomba toba. Nimemwahidi Mungu, na nimemwahidi Aika, sirudii upuuzi ule tena. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda Kilele kwa akili timamu, kuuliza tu. Ile kadi ya Frederick inakuwaje ina mlima na alama? Salha akakubali kunieleza, kwa sharti nisome masharti. Usoni kuna jina la Kilele, lakini mwenye kadi ni benki. Inafanya kazi popote, kwa Dismasi, kokote. Swali linakwenda benki, benki inakubali, muuzaji analipwa hata kama wewe huna kitu siku hiyo. Akaendelea kueleza mambo ya mwisho wa mwezi na riba, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Benki inalipa!

Basi kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa ile kona. Na pointi zinahamia kwenye kadi mpya, zimebaki arobaini tu, Krismasi bado wiki mbili. Friji itamfurahisha Eunike, na Aika atajua Baba yake si mtu wa kutetewa.

Nimejaza fomu. Mdhamini nimemwandika Frederick, bado sijamwambia. Namba ya siri nimechagua 0812, siku ya kipaimara, ili nisisahau maisha yangu yote nilichojifunza. Nimemwachia Salha kwenye karatasi, nisije nikaisahau.