Sufuria ya Kuskusi Chini ya Boneti

Jumamosi, 5 Julai

Sikukuu ya Uhuru. Mafundi wote wa mji wetu wa Medea wamefunga. Vizuri! Simhitaji fundi. Harusi ya mwanangu Hisham ni Alhamisi, na bibi harusi atachukuliwa kwao kwa gari langu jeupe. Ndilo marehemu baba alilomchukulia mama, nami nikamchukulia Zulikha wangu. Nimeapa mbele ya watu. Kasoro ni moja tu: mpira wa chini wa rejeta unavuja. Mpya ninao tayari, uko kwenye mfuko wake. Kazi ya robo saa.

Nimelegeza kibanio kwa bisibisi. Kibanio kimetoka, mpira umegoma. Nimevuta. Nimezungusha. Nimetia mguu kwenye bampa nikavuta kwa nguvu zote. Mikono ikateleza, nikakalia mrehani wa Zulikha, kopo na udongo wake. Zulikha akauliza kutoka dirishani kama mrehani nao ulikuwa unavuja. Nikazoa udongo.

Jumapili, 6 Julai

Sabuni. Bure. Halafu mafuta ya zeituni, yale mazuri kutoka kijijini kwa mama mkwe. Nusu chupa! Mpira haujasogea hata kidogo.

Akaja Lakhdar, kaka yake Zulikha. Hakualikwa. Akaliegesha gari lake jipya la rangi ya fedha ubavuni mwa langu, ili majirani walinganishe. Akachungulia injini, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule.

"Kata, shemeji," akasema. "Pitisha kisu kwa urefu, utachanika wenyewe. Si una mpya?"

Ni kweli kabisa, na ndiyo maana imeniuma. Mimi mwenyewe nilikuwa njiani kwenda kuchukua kisu! Sasa nikikata, atasema mpaka siku ya kunizika kwamba yeye ndiye aliyeliokoa gari la baba. Nikamwambia kwetu hatukati, tunatoa. Akacheka. Akasema gari lake liko tayari kwa Alhamisi, tena lina kiyoyozi, bibi harusi hatatoka jasho. Kiyoyozi! Basi kisu sikigusi. Naandika hapa, na Mungu ni shahidi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata! Wazo limenijia mezani. Zulikha alikuwa akipika kuskusi, nikautazama mvuke unavyopanda kutoka sufuria ya chini, unapenya matundu ya sufuria ya juu, unalainisha punje za ngano. Mpira ni nini mbele ya mvuke?

Nikangoja aende kwa dada yake kutengeneza keki za lozi za harusi. Nikachukua sufuria yake kubwa, ile ya kulisha watu sitini. Jiko la gesi chini ya gari, sufuria juu yake, mvuke moja kwa moja kwenye mpira. Nusu saa. Nikaubonyeza: laini! Nikavuta huku nikilitaja jina la baba. Ukatoka!

Nikaruka, nikashangilia. Kisha nikaangalia nilichoshika. Mpira, naam. Na ndani ya mpira, shingo ya rejeta, imeng'oka nzima na bado imeng'ang'aniwa. Rejeta imebaki na tundu ninaloweza kutia dole gumba. Nimetia.

Nilipokuwa nalitia, sufuria ikakauka maji. Kitako cheusi tii.

Jumanne, 8 Julai

Zulikha ameiona sufuria. Sitaandika yote. Kwa kifupi, aliuliza wageni wa Alhamisi watapikiwa kwenye boneti au kwenye buti.

Jioni Hisham akanijia kwa upole, jambo baya kuliko kelele. Akasema, "Baba, twende na gari la mjomba, yaishe." Akasema mchumba wake Nawal mwenyewe hajali, hata akiletwa na punda atakuja. Nikamwambia punda hana rejeta na mimi nina kiapo. Lakini usingizi umegoma. Mwanangu mwenyewe! Kiyoyozi kimemwingia kichwani.

Jumatano, 9 Julai

Zulikha ameazima sufuria kwa jirani, anafanya majaribio. Kama kawaida akachovya kitambaa kirefu kwenye uji mzito wa unga, akakizungusha pale sufuria ya juu inapokaa juu ya ile ya chini, mvuke usitoroke pembeni. Nimeona jambo hilo kila Ijumaa tangu nizaliwe. Leo ndipo nimelitazama! Kama kinazuia mvuke wa watu sitini, kitashindwa na gari moja?

Nikairudisha shingo mahali pake pamoja na mpira wake mkongwe, nikazungusha vitambaa vitatu vya unga, nikaviacha juani vikakauka vikawa kama plasta ya mguu. Nikajaza maji, nikawasha. Dakika kumi, hata tone! Nikamwita Lakhdar aje ashuhudie. Akainama, akanusa, akauliza kama nimetia chumvi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 10 Julai

Utepe mwekundu kwenye boneti. Nawal akatoka kwao chini ya joho la babake kama ilivyo desturi, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Akaketi nyuma ya gari langu, Zulikha pembeni yake. Magari kumi na tisa yakipiga honi, na Lakhdar nyuma yangu. Wa pili! Ile ilikuwa kilomita tamu kuliko zote za maisha yangu.

Kisha kilima. Kwanza harufu ya mkate. Nikajifanya sisikii. Zulikha akasema taratibu, "Baba Hisham, kuskusi imeiva." Papo hapo, puu! Mvuke kila upande, unga umetapakaa kwenye kioo.

Lakhdar akasimama. Hakucheka, na hilo sitamsamehe. Akafungua mlango wa gari lake. Nawal akanibusu kipaji cha uso, akasema, "Umenifikisha pazuri, baba," akahamia kwenye kiyoyozi. Honi zikapotea juu ya kilima.

Zulikha hakuhama. Akavua viatu, akaja kukaa mbele. Akasema, "Ni kona hii hii." Miaka thelathini na moja iliyopita gari hili lilizimika hapa hapa, akafika kwangu kwa miguu na viatu vya harusi, na mimi tangu hapo nawaambia watu tulisimama kutazama mandhari.

Akatoa keki ya lozi mkobani, akanigawia nusu. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na machozi yalinitoka. Nikamwambia ni mvuke.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata rejeta nyingine kwenye magari chakavu. Nzima, haina tundu. Shingoni imebaki na mpira wa zamani wa mtu, mgumu kama jiwe.

Lakhdar ameleta zawadi: kisu kipya, kimefungwa kwa utepe wa harusi. Nimekipokea kwa heshima zote. Kisu kizuri. Kimekata tikiti barabara.

Zulikha yuko kwa dada yake mpaka saa kumi. Sufuria ya jirani imeanza kuchemka. Safari hii nimeongeza maji.