Bitiruti na Ngoma Kubwa

Jumatatu, 3 Novemba
Mchungaji katangaza. Tangu mzee mmoja azirai katikati ya maandamano ya kanisa, mwenye presha ya juu habebi ngoma kubwa. Nesi Batulo atatupima Jumamosi ukumbini Kaloleni. Ngoma hiyo nimeibeba mimi tangu nikiwa karani wa reli. Sasa Owino, jirani yangu, anaitaka. Jana alinitazama ibada nzima kama anayejipimia kanzu ya marehemu.

Jumanne, 4 Novemba
Binti yangu Adongo kanieleza. Mishipa ya damu hutengeneza gesi, oksidi ya nitriki, inayoilegeza. Ukizeeka gesi inapungua, mishipa inakakamaa, presha inapanda. Bitiruti husaidia mwili kuipata. Akaongeza nisiache vidonge, na nitembee. Hilo la kutembea sikulisikia vizuri. Nimenunua mfuko mzima wa bitiruti.

Jumatano, 5 Novemba
Mkojo mwekundu! Nikaanza kugawa mali: redio kwa Adongo, koti kwa mwanangu Seth. Norah, mke wangu, alikuwa anakata sukuma wiki. Akasema bila kuinua macho kwamba ni bitiruti hiyo, Baba Adongo, nitulie.
Tatizo ni ulimi. Nao mwekundu, na Owino akiuona atajua siri yangu. Nimenunua dawa ya kusukutua, ile kali ya kuua vijidudu. Nasukutua kila nimalizapo gilasi ya juisi ya bitiruti. Pumzi yangu sasa ni ya bwana harusi.

Jumamosi, 8 Novemba
Presha iko juu vilevile. Nesi Batulo akauliza natumia nini, nikamweleza kwa fahari. Alicheka hadi akashika meza. Kumbe ni vijidudu vya ulimini vinavyoanza kugeuza bitiruti, na hata mboga za majani, ziwe za faida kwa mishipa, na mimi nimeshinda wiki nzima nikiviua. Akaniagiza niache dawa hiyo, nipunguze chumvi, nitembee kila siku. Owino alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, masikio wazi. Yeye amepita, lakini chupuchupu. Ngoma ni yake hadi tupimwe tena kabla ya Krismasi.

Jumapili, 9 Novemba
Imeniuma kuiona ngoma kifuani pa Owino. Maandamano yalipofika Makongeni nilitazama pembeni, nisije nikalia. Halafu wazo likanijia, nikaimba vizuri hadi mwisho.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimepanda bodaboda hadi dukani, kutembea kungenichelewesha. Nimemnunulia Owino chupa kubwa ya dawa ya kusukutua. Nikamwambia mpiga ngoma anapaswa kunukia. Alinishukuru sana, akanikumbatia, akaingia ndani na kuniletea zawadi yake: mfuko mkubwa wa njugu za chumvi. Nimekaa mlangoni jioni nzima nikizitafuna. Tamu ajabu, na chumvi imekolea. Mtu mwema yule, masikini, hashuku lolote. Norah ameuliza kwa nini nacheka peke yangu.