Firigisi Mbili na Semina ya Beverlyne

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimeudhika. Mama Elvis amekuja kwa kibanda changu cha nyanya, akabonyeza tano, hakununua hata moja. Kumbe alileta habari. Kijana wake amechaguliwa kwenda semina ya uongozi wa wanafunzi, ukumbi wa kanisa, siku tatu, na cheti juu. Akasema siku hizi chuo cha ualimu hakichukui mtu hivi hivi, kinataka kiongozi. Halafu akauliza Beverlyne wangu aliwahi kuongoza nini.

Nikamjibu aliongoza mambo mengi. Nikashindwa kutaja.

Nyumbani nimemuuliza Bev. Anasema kidato cha tatu aligonga kengele wiki mbili, mwenye kengele alipougua. Basi, huo ni uongozi. Shule nzima, na mwalimu mkuu akiwa ndani yake, ilikuwa ikisimama mtoto wangu akiinua mkono.

Bev anasema fomu ya chuo haina mahali pa semina. Inataka alama za mtihani, barua ya chifu na picha mbili. Vyote anavyo. Eti kilichobaki ni kuifikisha ofisi ya elimu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ikipita hapo ni mpaka mwaka ujao. Nimemwambia fomu nitaitunza mimi. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu, kitabu cha Waamuzi. Haitaenda uchi. Itaenda na cheti.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mambo ya ofisi nayajua.

Jumapili, 4 Agosti

Anayeandika majina ya semina ni Mwalimu Patroba. Nimemvizia mlangoni baada ya ibada. Akasema nafasi ni chache, ataona. Nikamkaribisha chakula cha mchana kesho. Akasema hiyo pia ataona, lakini akauliza kama ni kuku wa kienyeji au hawa wa gredi.

Huyo atakuja.

Jumatatu, 5 Agosti

Aibu. Naandika nikiwa nimejifunika leso kichwani.

Nilichinja jogoo mkubwa. Nikasonga obusuma, ugali wetu wa wimbi, laini kama shavu la mtoto. Patroba akanawa, akaomba sala ndefu, akachukua kijiko, akaanza kutafuta firigisi. Kwetu hapa mgeni wa heshima akiwekewa kuku, firigisi ni yake. Mpe mapaja yote na umnyime hiyo, umemfukuza.

Akakoroga bakuli mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu akainua shingo ya kuku akachungulia chini yake. Mume wangu Masinde alikuwa anaangalia paa. Masinde haangalianga paa, hata mvua ikivuja.

Kumbe aliila jikoni saa nne asubuhi. Eti alikuwa anaonja chumvi. Nilipombana akasema katika nyumba hii firigisi imekuwa yake miaka ishirini na hakuna aliyemwambia leo nyumba imepewa mtu mwingine.

Patroba alikula mapaja yote mawili, na shingo, akapangusa mdomo. Akasema orodha ya semina imejaa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimechinja yule mtetea anayetaga. Aliniangalia vibaya, lakini ni kwa ajili ya elimu. Firigisi ya pili nimeiomba kwa Jeruto mwenye hoteli hapa sokoni. Zote mbili nimezikaanga na kitunguu, nikaziweka kwa bakuli lenye mfuniko, nikafunga na kitambaa cha harusi, moja kwa moja mpaka ofisi ya Patroba.

Akafunua. Akafunika. Akafunga mlango.

Nafasi imepatikana. Inasemekana mtu wa Khwisero amejitoa. Nimemwona kwa macho yangu akiandika: Beverlyne Masinde, kiongozi wa kengele.

Masinde amekula kuku asiye na firigisi. Alipomaliza akauliza kama mgeni ameshiba.

Jumatano, 7 Agosti

Bev ameenda semina. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamrekebisha kola mbele ya watu wote, akasema mama tafadhali. Leo wamefundishwa kwamba kiongozi hufika mapema. Aliyewafundisha alifika saa tano.

Nikirudi nimepitia kwa Mama Elvis, kumsalimia tu. Nikamweleza fomu ya Bev bado iko kwangu, inangoja cheti, kwa sababu fomu bila cheti ni kama ugali mkavu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mambo ya ofisi nayajua. Nimelala vizuri sana mchana.

Alhamisi, 8 Agosti

Bev amelia. Anasema vyeti vinatolewa kesho saa kumi jioni na ofisi inaacha kupokea fomu saa sita. Nikamwambia ofisi itangoja. Ofisi gani ya serikali imewahi kufunga kitu kwa saa yake?

Akasema yeye anataka kuwa mwalimu, hataki kuwa kiongozi. Eti tangu akiwa darasa la pili alikuwa akipanga viatu vyetu ukutani na kuvifundisha hesabu, kama nimesahau. Sijasahau. Changu cha kushoto kilikuwa kinafeli kila siku.

Baba yake akasema mpe mtoto fomu yake. Nikamuuliza nani anasikiliza mtu aliyekula firigisi ya mgeni. Akatoka nje kuangalia ng'ombe. Hatuna ng'ombe.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi nimefungua Biblia. Waamuzi wapo. Fomu haimo.

Nimekimbia mpaka ukumbini na kandambili. Bev hayupo. Patroba alikuwa anaita majina, na amesema asiyeitika leo hapati cheti. Akaita Beverlyne Masinde. Akaita tena. Nikasikia mtu anasema niko. Kumbe ni mimi.

Patroba akanitazama juu ya miwani. Nami nikamtazama vile unatazama mtu aliyekula firigisi mbili. Akaweka alama.

Basi nikakaa. Wanafunzi hamsini na mimi. Tukagawanywa vikundi, cha kwangu kikanichagua mwenyekiti. Tukapewa swali: wanafunzi wamegoma kwa sababu ya maharagwe mabovu, kiongozi afanye nini? Nikasema kiongozi aingie jikoni, achague maharagwe, apike. Wakapiga makofi. Elvis akauliza huyo kiongozi atasoma saa ngapi. Nikamwambia kaa chini, mwenyekiti anaongea. Akakaa. Uongozi ni mtamu.

Saa kumi nimepokea cheti cha Beverlyne kwa mikono yangu miwili.

Nimemkuta Bev nyumbani anaosha vyombo. Alifikisha fomu saa tano na nusu. Karani akaangalia alama, barua na picha, akagonga muhuri, akamwambia aende. Nikauliza kama aliulizwa habari ya semina. Hapana. Nikamwambia karani aliona haya.

Baadaye Mama Elvis amepita akilia. Elvis alikimbia na fomu na cheti pamoja, akakuta kufuli. Eti kuna mtu alimwambia fomu isiende bila cheti. Nimempa pole na nyanya sita. Watu wengine wanapenda kushauri mambo wasiyoyajua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Barua imefika. Beverlyne amechukuliwa chuo cha ualimu. Nimeisoma mara nne, mara ya tano nikaisomea majirani, na waliokuwa msalani nimewangoja watoke.

Masinde amechinja kuku mwenyewe. Firigisi akaitoa kwa sahani yake akamwekea Bev. Mtoto wa kike. Bev akaila polepole, machozi yanamtoka, baba yake anaangalia paa. Mimi nilijifanya nimeunguzwa na mchuzi.

Cheti kiko ukutani juu ya redio, kwa fremu ya dhahabu. Hakijatoka hapo tangu Agosti. Lakini kimefanya kazi, hata kwa mbali. Bev anasema ni alama za mtihani. Mtoto huyu ni mnyenyekevu sana, alizaliwa hivyo.

Mama Elvis amekuja jioni. Elvis ataomba tena mwaka ujao, naye alitaka kujua wao walikosea wapi, maana cheti walikuwa nacho. Nimemwambia ukweli, kwa upendo. Walimpeleka kijana peke yake. Semina inataka mzazi akae ndani mwenyewe.

Nyingine ni Desemba. Mama Elvis atakaa kwa jina la Elvis. Mimi nitakaa kwa jina la Mitchel, mdogo wake Bev, yuko darasa la tatu lakini hakuna haja ya kungoja. Majogoo wawili wa Patroba wameshafungwa nyuma ya jiko. Nimemwambia Masinde asiwazoee.